Jiwe Linalopanda Maji Yakishuka

Wifi yangu alimshonea mumewe mifuko. Sisemi alimshonea suruali yenye mifuko, suruali zilikuwepo tayari. Marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa na tabia ya kusimama kando, mikono mfukoni, wenzake wakilima. Wifi alimwambia mara ya kwanza, akamwambia mara ya pili. Mara ya tatu hakumwambia. Alikaa kwenye cherehani yake barazani, akaiziba mifuko ya suruali zote nne kwa uzi wa rangi ileile, mshono usioonekana. Kesho yake marehemu akafika shambani, akapeleka mikono palepale ilipozoea, ikateleza mapajani. Akajaribu tena, ikateleza tena. Wanaosimulia wanasema alilima siku hiyo mpaka jembe likapata moto.

Nimeanza na hilo ili mjue ni mtu wa namna gani tuliyempa ufunguo wa tangi.

Jina lake la kuzaliwa analijua yeye na karani aliyemwandikisha. Sisi tunamwita Bi Tone, kwa sababu akishamimina maji kwenye sufuria huigeuza ndoo juu chini na kusubiri tone la mwisho. Wewe mgeni wake umekaa hapo, mazungumzo yamesimama, mnasubiri wote wawili mpaka tone lianguke. Ni dada mkubwa wa mume wangu. Ni mwembamba, ana macho ya kupima. Akikusalimia tu ameshajua umenenepa wapi tangu gauni la mwisho. Tulipotafuta mtu wa kushika ufunguo, watu walipendekeza huyu na yule, na kila aliyetajwa alikuwa na ndugu ambaye hawezi kumnyima. Alipotajwa Bi Tone, mkutano wote ulinyamaza. Hakuna aliyewahi kumwomba kitu akapewa. Tukampa.

Tangi lenyewe liko ubavuni mwa ghala la zamani la ushirika. Ghala lile lina paa refu la bati kuliko paa lolote hapa kwetu, na miaka yote maji ya paa lile yalikuwa yakichimba mtaro chini na kwenda zake, sisi tumesimama kwenye milango yetu tunayaaga. Kisha kiangazi kikija, tunashuka mtoni na ndoo, mwendo wa saa moja na nusu kwenda tu, tunachimba mchanga na kusubiri shimo litoe kikombe. Mwaka jana tukasema basi. Fundi ujenzi akaja, mtu mpole, mwenye kuongea taratibu. Mchanga na kokoto tulibeba sisi, mabomba ya kukinga maji tulishikilia sisi yeye akifunga. Tangi likasimama, kimo cha mtu aliyesimama juu ya mabega ya mwenzake, limefunikwa juu, kifuniko kina kufuli na bomba chini lina kufuli.

Siku ya kulifungua, fundi alitueleza. Alionyesha jiwe jekundu, kubwa kama ngumi, linaloning'inia nje kwenye ukuta wa tangi kwa uzi wa nailoni. Akasema uzi huo unapanda, unapita juu ya kapi, kile kigurudumu cha juu, unaingia ndani, na huko ndani umefungwa kwenye boya. "Maji yakipanda, boya linapanda, jiwe linashuka. Maji yakishuka, jiwe linapanda. Hamtahitaji kufungua kifuniko, mtatazama jiwe tu." Alikuwa ameandika namba ukutani kwa rangi nyeusi, moja juu kabisa, kumi chini kabisa.

Tulimpigia makofi. Kumsikiliza ni jambo jingine.

Hazikupita siku tatu, Mwenyekiti wa kamati ya maji akasimama mbele ya tangi, mikono kiunoni. Mwenyekiti ana duka, ni mtu wa tumbo na sauti, anapenda vitu vipangwe sawa. Kwake hata viberiti vinatazama upande mmoja. Alikuwa mdogo wa marehemu, kwa hiyo kwa Bi Tone ni shemeji.

"Huyu fundi alikuwa amelewa?" akasema. "Tangu lini kumi ikakaa chini ya moja?"

Akamwita mpaka rangi, yule anayetupakia kuta zetu. Namba za fundi zikapigwa chokaa, zikaandikwa upya: moja chini, kumi juu, nadhifu, kila moja na mstari wake. Mimi nilikuwepo. Nilisoma mpaka darasa la tano na nikaona Mwenyekiti ana haki kabisa. Bi Tone naye alikuwepo, na sindano mbili zimechomekwa kifuani mwa gauni.

"Shemeji," akasema, "fundi hakukosea."

"Shemeji, wewe una futi yako ya kupimia viuno vya watu. Mambo ya namba tuachie sisi."

Watu wakacheka. Bi Tone akafunga mdomo. Namjua wifi yangu. Akifunga mdomo kwa namna ile, mimi hurudi nyumbani kuangalia kama nilizima moto.

Mvua zikaja, zikanyesha vizuri, na zilipokata, jiwe lilikuwa limeshuka mpaka kwenye moja ya Mwenyekiti. Tulishika vichwa. Mvua yote ile, moja tu! Wengine walisema paa linavuja, wengine walisema mabomba yamepinda. Mpaka rangi alijaribu kusema kwamba maji yanatoka bombani kwa nguvu sana kwa tangi tupu, Mwenyekiti akamwambia hiyo ni hewa inasukuma. Tukaitisha mkutano. Tulikuwa tumekubaliana ndoo mbili kwa kila nyumba kila siku. Kwa hofu tukapunguza wenyewe, ndoo moja, nyumba zote ishirini na mbili, ya kunywa na kupikia tu. Kufua, mtoni.

Bi Tone alikaa mkutano mzima anapinda upindo wa sketi.

Mimi sasa nilikuwa na jambo langu. Binti yangu alikuwa amekuja kujifungulia kwangu, na mtoto alikuwa na wiki tatu. Nyumba yenye kichanga na ndoo moja ni nyumba isiyolala. Nikawa nakwenda kulitazama lile jiwe asubuhi, nakwenda mchana, nakwenda jioni, kama mtu aliyeacha mgonjwa hospitali. Na ndivyo siku moja, saa nane mchana, jua kali, watu wote wamejificha ndani, nilivyomkuta Bi Tone amechuchumaa chini ya jiwe, kipande cha uzi wa nailoni kimening'inia mdomoni.

"Wifi, unafanya nini?"

"Nashona."

"Unashona tangi?"

"Nashona watu midomo. Njoo unishikie hapa."

Nikashika. Alifungua fundo la jiwe, akaunganisha uzi upana wa kiganja, akalifunga jiwe tena kwa fundo la mshonaji lisiloonekana. Jiwe ambalo asubuhi lilikuwa limeanza kupanda kuelekea mbili, likarudi kwenye moja na kutulia kama halijawahi kwenda popote.

Ndipo akanieleza. Tangi halikuwa kwenye moja. Tangi lilikuwa limejaa mpaka shingoni tangu mvua zilipokata. Fundi alimpigia hesabu kabla ya kuondoka: kwa ndoo mbili kila nyumba, maji yanakwisha nusu ya kiangazi; kwa ndoo moja, yanafika mvua. "Nani hapa angekubali ndoo moja na tangi limejaa?" akaniuliza. "Wewe ungekubali?"

Nisingekubali.

"Wameogopa wenyewe. Mimi sikusema uongo hata nusu. Sasa tatizo ni kwamba maji yakipungua jiwe linapanda, na likipanda hawa watafurahi. Yakibaki ya kuoshea vidole watakuwa wanacheza. Kwa hiyo kila wiki namwongezea uzi kidogo, akae chini."

Nilipumua. Mara ya kwanza kabisa tangu binti yangu aje, nilipumua mpaka chini. Kisha nikafikiria.

"Wifi, kama yamejaa, basi niongezee ndoo moja tu, ya nepi."

Alinitazama kama mtu aliyekula embe akakuta funza. "Unaona? Hata dakika mbili hujamaliza. Wewe ndiye wa kwanza kuharibika."

Hakunipa. Na akanibebesha siri juu yake, nayo nzito kuliko ndoo. Mimi si mtu wa siri. Nikiwa na siri natokwa na jasho kwenye mdomo wa juu. Wiki hadi wiki nilimwona mpaka rangi akinitazama mdomo wangu, nikawa najifuta na mkono wa gauni na kusema joto.

Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, jiwe liko kwenye moja, bomba linatoa. Mwanzoni watu walishukuru tu. Mwezi wa nne wakaanza kuulizana. Wa kwanza kusema kwa sauti alikuwa mke wa Mwenyekiti, kwenye foleni, ndoo kichwani.

"Jamani, hili tangi limebakiza moja tangu lini?"

"Tangu mvua zikate," akajibiwa.

"Na tumechota kila siku?"

"Kila siku."

"Na bado ni moja?"

Foleni nzima ikaligeukia jiwe. Mimi nilikuwa nyuma ya Bi Tone, nikaona shingo yake inakaza.

Kufikia jioni ilikuwa imeshasemwa kila mlango. Fundi baiskeli alisema chini ya tangi pana chemchemi. Mwingine akasema hapana, ni baraka ya mchanga ule, ulibebwa na akina mama kwa nia safi. Mke wa Mwenyekiti akasema tangu anywe maji yale mgongo wake hauumi, na mumewe akakubali mbele ya watu kwamba kweli siku hizi halalamiki, ingawa alisema halalamiki mgongo tu.

Siku ya tatu akaja mwanamke kutoka ng'ambo ya bonde na chupa. Alikuwa anataka maji ya tangi lisilokwisha, kwa sababu mumewe anakoroma. Mwenyekiti akasema apewe. Siku ya nne wakaja saba, si na chupa tena, na madumu. Baada ya hapo sikuhesabu. Walikuja kwa miguu, walikuja kwa baiskeli madumu manne manne, walijipanga kabla yetu alfajiri. Mwenyekiti alikuwa amependeza kama bwana harusi. Alivaa koti. Alisimama kwenye bomba akiwaambia wageni wachukue, wachukue, maji yetu hayaishi.

"Shemeji," Bi Tone akamwambia, "yanaisha."

"Shemeji, tazama jiwe. Moja. Lilikuwa moja, liko moja."

Bi Tone aliponitazama, nilijua kwamba mshono wake mwenyewe umemkamata kidole.

Tulikaa barazani kwake, mimi na yeye, cherehani katikati yetu. Alikuwa amegonga ukuta wa tangi kwa mkasi, chini kwenda juu, akisikiliza sauti inabadilika wapi. Yalikuwa yamebaki kidogo zaidi ya tatu, tatu ya kweli, ya fundi. Mvua zilikuwa mbali miezi miwili. Kwa ndoo yetu moja moja, tatu inafika mvua, kwa taabu. Kwa madumu ya wageni, mwezi mmoja hayamalizi. Siku kumi tu wageni walikuwa wamechota maji yetu ya wiki mbili. Nilimfikiria mjukuu wangu mgongoni mwa mama yake, wanashuka mtoni kwenye jua lile kusubiri shimo litoe kikombe.

"Waambie ukweli," nikasema.

"Waninyang'anye ufunguo? Halafu wampe nani? Mwenyekiti?"

Nikatoa wazo. Ni wazo langu, nakiri, sitamsingizia mtu. Nikasema, "Mwongezee uzi jiwe liguse chini kabisa. Waone limekwisha. Wageni watarudi kwao."

Akalifikiria, akaona si baya. Mchana uleule tukaongeza uzi mpaka jiwe likalala ardhini kama yai.

Asubuhi foleni ilisimama mbele ya tangi. Watu walilitazama jiwe chini kwenye vumbi. Mwenyekiti akafungua bomba polepole. Maji yakatoka.

Jamani, kelele zilizopigwa! Limekwisha kabisa na linatoa! Mwanamke mmoja alikaa chini akalia. Fundi baiskeli alivua kofia. Jioni ya siku hiyo wageni walikuwa wengi mara mbili, na kesho yake akaja mtu na mkokoteni wa punda, mapipa mawili.

Bi Tone alinitazama. "Mawazo yako," akasema, "uwe unayaacha nyumbani na nepi."

Mwenyekiti akaitisha mkutano Jumamosi, palepale kwenye tangi. Alitaka tujenge benchi la wageni na uzio wa maua. Alizungumza muda mrefu juu ya maua. Wageni nao walikuwepo na madumu yao, pamoja na yule mwanamke wa mkoromaji, ambaye alikuja kila siku sasa. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye neno, Bi Tone akasimama. Alikuwa amevaa gauni lake jeusi, lile la misibani.

"Hakuna benchi," akasema. "Maji yamebaki tatu. Jiwe linasema uongo, na anayelifundisha ni mimi."

Watu wakacheka. Kicheko kizuri kabisa, cha watu wanaompenda mtu. Mmoja akasema, "Bi Tone anaona wivu maji yamezidi ubahili wake."

Hakubishana. Alitoa ufunguo kwenye kamba ya shingoni, akaunyoosha kwa Mwenyekiti. "Shemeji, panda. Fungua kifuniko. Tazama mwenyewe."

Mwenyekiti hakutaka kupanda, ila watu wote walikuwa wanamtazama, na koti alikuwa amelivaa. Ngazi ikaegeshwa. Wanaume wanne wakaishika. Ililia kila ngazi aliyokanyaga, na katikati alisimama akajifanya anatazama mandhari. Alipofika juu alifungua kufuli, akasukuma kifuniko, akaingiza kichwa. Tukabaki tunautazama mgongo wa koti.

"Mwenyekiti!" mkewe akaita. "Kuna nini?"

Sauti ikarudi kutoka ndani ya tangi, nene, kama ya mtu mwingine. "Najiona."

"Unajionaje?"

"Niko mbali. Niko mbali sana."

Hakuna aliyecheka tena. Akashuka, uso umebadilika rangi, vumbi la kifuniko limekaa kwenye kipara. Sasa hasira ilikuwa imempata. "Miezi minne! Miezi minne umetugeuza watoto, shemeji! Tumekaa na ndoo moja na tangi limejaa!"

"Mngekaa na mbili, leo ungejiona vizuri zaidi," akasema Bi Tone, "maana ungekuwa umesimama kwenye sakafu yake."

"Ulitudanganya!"

"Namba ziliandikwa na nani?"

Mpaka rangi akainua mikono haraka sana. "Mimi niliandika nilivyoambiwa!"

Bi Tone akauchukua mkasi wake, akaenda ukutani, akaanza kukwangua chokaa chini kabisa, karibu na jiwe. Chokaa ikadondoka vipande vipande. Ikatokea duara, ikatokea mstari mbele yake. Kumi ya fundi, nyeusi, ikiwa chini pale ilipowekwa. Alisogea pembeni ili watu waione, akapuliza chokaa kwenye mkasi.

Mwenyekiti aliitazama ile kumi. Kisha akalitazama jiwe. Kisha juu kwenye kapi, kisha jiwe tena. Ulikuwa ukiona kabisa kitu kinazunguka kichwani mwake taratibu, kama kapi lenyewe.

"Basi likiwa chini..." akasema.

"Limejaa."

"Na likipanda..."

"Ndiyo, shemeji."

"Fundi alisema hivyo?"

"Mbele yako. Ulikuwa unapiga makofi."

Yule mwanamke wa ng'ambo ya bonde akainua mkono. "Lakini mume wangu ameacha kukoroma," akasema.

"Ni kwa sababu halali," mtu akamjibu kutoka nyuma. "Anakusubiri urudi na dumu."

Hapo ndipo watu walipocheka, na mkutano ukafunguka, kila mtu akasema lake. Wengine walitaka Bi Tone anyang'anywe ufunguo leo hii, mtu aliyedanganya kijiji kizima hashiki kufuli. Wengine walisema hata hivyo maji yapo, na wangapi hapa wangefua mashuka yote kama wangejua. Sauti zilikuwa zinakwenda upande wa kumnyang'anya. Niliona wifi anasimama wima, anatazama mbele, na vidole vyake vinapinda upindo ambao haupo. Sijui nini kilinisimamisha. Mimi kwenye mikutano hukaa karibu na njia ya kutokea.

"Mimi nilijua," nikasema.

Kutoka katikati ya wanawake nikasikia sauti ya binti yangu, mtoto kifuani. "Mama! Na mimi nafua nepi kwa kikombe!"

"Niliomba ndoo ya pili," nikasema. "Akaninyima. Mimi, mke wa mdogo wake, na siri yake nimeishika mkononi, akaninyima. Mkiutoa ufunguo kwake mtafuteni mwingine wa namna hiyo, mniambie anaishi nyumba gani."

Mdomo wa juu ulikuwa umelowa kabisa na sikujifuta.

Walizungumza mpaka jua likahamia upande wa pili wa ghala. Mwishowe wakaafikiana hivi: ufunguo wa bomba abaki nao Bi Tone, wa kifuniko akae nao mpaka rangi. Kila Jumamosi apande mtu mmoja wa zamu kutazama ndani na kutangaza kwa sauti. Uzi wote wa nyongeza ukatolewa, na Bi Tone akauviringisha mezani kwake, mrefu kuliko nilivyodhani. Namba zikaandikwa upya za fundi, na Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyemshikia mpaka rangi kopo. Wageni wakapewa siku ile kikombe kimoja kimoja cha kunywea njiani na kuombwa radhi. Mwenye mkokoteni wa punda aligombana sana, punda akawa anamsubiri tu.

Miezi ile miwili ilikuwa mirefu. Hakuna tena aliyehitaji kutishwa. Tulitishika kwa macho yetu. Jumamosi mtu akipanda tulisimama chini kama tunaosubiri majibu ya mtihani. "Mbili na nusu!" "Mbili, pungufu kidogo!" Nyumba zenye wazee na ile yangu yenye mtoto ziliongezewa kikombe kwa kura, na Bi Tone alikimimina kikombe hicho kwa ajili yangu bila kupunguza na bila kuzidisha, na uso wake haukuonyesha kwamba tunajuana. Jumamosi ya mwisho alipanda mke wa Mwenyekiti. Alishuka bila kutangaza, akaonyesha kwa vidole viwili, upana wa upindo.

Mvua ilikuja siku ya nne yake, alasiri, kwa kishindo, bila hata kunguruma kwanza. Tulitoka mbio wote kwenda ghalani kuyaona maji yakiingia. Tukamkuta Bi Tone amelowa chapachapa, amefungua bomba la pembeni kwenye mabomba ya kukinga, kabla maji hayajafika tangini, na maji yote ya paa lile refu yanaruka chini kwenye matope.

"Anamwaga!" watu wakapiga kelele. "Bi Tone anamwaga maji!"

Wakamzunguka. Nilimwona fundi baiskeli anataka kumshika mkono. Nilisukuma watu nikaingia, nikasimama kati yao na yeye, ingawa hata mimi sikujua anafanya nini. Mwenyekiti akafika akihema, koti juu ya kichwa.

"Shemeji, ni nini tena?"

Bi Tone alikinga kikombe cha bati chini ya bomba, kikajaa, akampa. Mwenyekiti akakitazama. Yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi. Akakinusa. Sote tulikuwa tunamtazama kwenye mvua ile, na nadhani alikumbuka mara ya mwisho alipokubali kitu bila kukichunguza. Akanywa funda moja.

Akalitema mbali.

"Mna habari," akatuuliza, akijifuta ulimi kwa koti, "njiwa wanalala wapi miezi sita yote hii?"

Tukainua macho juu ya paa.

"Mwaga, shemeji," akasema. "Mwaga kabisa hayo."

Tukasimama pale tunalowa, watu wa nyumba ishirini na mbili, tunayatazama maji yakienda zake matopeni na hakuna aliyelalamika. Kikombe kikapita mkono hadi mkono. Kila mtu alikinga, akatazama, akamwaga, akampa mwenzake. "Sasa?" mtu akauliza. "Bado," akasema Bi Tone. Kikazunguka tena. "Sasa?" "Bado."

Kikanifikia mimi. Nilikinga, nikakiinua kwenye mwanga uliobaki. Niliona sakafu ya kikombe, niliona alama ya kutu iliyo upande mmoja. Nikanusa. Hakukuwa na harufu isipokuwa ya bati.

"Unaonaje, wifi?" akaniuliza, mkono juu ya bomba.

Nikakinga kingine, nikatazama tena, kwa sababu mimi siamini kikombe kimoja.

"Funga," nikasema.

Akafunga.